Andrew Hallidie: injinia aliyeitoa kamba ya chuma machimboni na kuileta mjini

Andrew Smith Hallidie, Mwingereza mzaliwa wa London, anakumbukwa kwa kuwezesha magari ya abiria kupanda vilima vikali vya San Francisco, Marekani, bila farasi. Lakini kazi yake haikuanzia mjini. Ilianzia kwenye machimbo ya dhahabu.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1836. Baba yake alikuwa injinia na mvumbuzi wa kamba za waya. Mwaka 1852 wote wawili walifika California kutafuta dhahabu. Mwaka uliofuata baba alirudi Uingereza, kijana akabaki. Dhahabu haikumtajirisha, aliishi kwa uhunzi, upimaji wa ardhi na ujenzi wa madaraja.

Mwaka 1856, akiwa na miaka 20, alikuta mgodi ambao kamba zake za kushushia mawe zilikuwa zikikatika baada ya siku 75. Alisuka kamba ya waya, nayo ikadumu miaka miwili. Mwaka 1857 alifungua kiwanda cha kamba hizo San Francisco. Miaka kumi baadaye alibuni njia ya angani: kamba ya chuma isiyo na mwisho, inayozunguka juu ya nguzo na kubeba mawe ya madini kupita mabonde pasipo barabara.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1869 aliona farasi wakivuta gari la abiria mlimani wakati wa mvua. Waliteleza, uzito wa gari ukawaburuta hadi chini, wakafa. Hapo aliamua kuiingiza kamba yake chini ya barabara.

Akisaidiwa na mchoraji wa mitambo William Eppelsheimer, alichimba mfereji katika barabara ya Clay. Mashini ya mvuke ilivuta kamba ndani yake, na dereva aliishika au kuiachia kwa koleo la chuma. Alfajiri ya tarehe 2 Agosti 1873, siku ya majaribio, inasemekana dereva alitazama mteremko akakataa kushuka. Hallidie, aliyekuwa ameweka pesa zake mwenyewe katika mradi huo, alishika usukani. Gari lilishuka na kupanda salama. Abiria walianza kusafirishwa mwezi Septemba.

Hallidie alifariki San Francisco tarehe 24 Aprili 1900. Tramu za umeme zilichukua njia nyingi za kamba, lakini tatu zingali zinafanya kazi mjini humo, na dereva bado hushika kamba iliyo chini ya barabara.