Mwalimu, Azimio na ile amani niliyoinyima



Leo naanza na dhambi yangu. Kipindi cha kampeni, mimi na kijana mwenzangu wa jumuiya tulichafuana kwenye grupu la WhatsApp kwa sababu ya siasa. Kila mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba Mkatoliki wa kweli hawezi kukipenda chama kile. Jumapili tukajikuta benchi moja. Padre alipotualika kutakiana amani, nikampa mkono mama wa kushoto, nikampa na mtoto wa mbele, yeye nikamruka. Halafu nikaenda kukomunika kama kawaida!

Jambo hilo lilinikaa rohoni. Siku moja nikipita Kaloleni, hapa Arusha mjini, nikaingia Makumbusho ya Azimio la Arusha. Nimezaliwa mji huu na sikuwahi kuingia. Nilitoka nikimfikiria Mwalimu Nyerere, si yule wa kwenye noti, bali Mkristo mwenzetu.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Hakubatizwa utotoni. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa kijana wa Makerere, yaani umri wetu huu. Alichagua imani kwa akili zake timamu. Baadaye akafundisha St. Mary's Tabora, akasoma Edinburgh, akarudi kufundisha St. Francis Pugu.

Mwaka 1954 TANU ikaanzishwa, naye akawa rais wake. Mwaka uliofuata akaenda Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea Tanganyika. Sisi wa huku Meru tuna la kujivunia hapo: njia hiyo ilishapitwa na Kirilo Japhet mwaka 1952, alipokwenda kulalamikia Wameru kufukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki. Mwalimu aliporudi, ikabidi achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi ya shule ya misheni, akaacha na mshahara, huku nyumbani ana familia changa. Hakuiacha Misa. Hata alipokuwa Rais, watu walizoea kumwona kanisani asubuhi za siku za kazi.

Sasa sikia hili. Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa hapa Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Kwa lugha ya kwetu ya katekisimu, ni kwamba huwezi kutumikia mabwana wawili. Lakini hakuliandika kama waraka wa Kanisa. Ndani ya TANU walikuwamo Waislamu, Walutheri na wenye dini za jadi, na msimamo wake ulikuwa kwamba serikali haina dini, watu ndio wenye dini.

Msimamo huo ulimgombanisha hata na watu wa nyumbani mwake kiimani. Shule za misheni zilizokuwa zikipewa ruzuku zilichukuliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1969, ili mtoto wa dini yoyote asome. Wakatoliki wengi waliumia, maana walizijenga kwa jasho lao. Wengine waliona Ujamaa ni mlango wa ukomunisti usiomjua Mungu. Yeye mwaka 1970 akawaambia Masista wa Maryknoll, kule Marekani, kwamba Kanisa lisiposimama na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, litaonekana liko upande wa wakandamizaji. Aligombana na Kanisa akiwa ndani ya Kanisa, na kesho yake akarudi kupiga magoti.

Tusimfanye malaika. Chini yake watu waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na miaka ya 1970 wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu. Familia zilizoumia zina haki ya kusema. Mwaka 1985 akang'atuka kwa hiari, akarudi Butiama kulima, na pia akaandika Injili kwa utenzi wa Kiswahili. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma likaanza mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, ndiyo maana tunamwita Mtumishi wa Mungu. Bado Kanisa linachunguza, halijatoa hukumu.

Kumbe imani haikumzuia kuwa na siasa kali, na siasa kali hazikumzuia kukaa meza moja ya Bwana na waliompinga. Mimi niliigeuza imani kuwa kadi ya chama. Hapo ndipo niliponaswa.

Nikaenda kuungama. Kisha nikamfuata yule mwenzangu nyumbani kwao, kule njia ya Usa River. Hatukukubaliana kuhusu chama hata kidogo. Tulikunywa chai, tukacheka kidogo, tukasali Baba Yetu. Jumapili nikampa mkono.

Wiki hii mtafute mmoja uliyemruka. Usisubiri Misa.

Tusali: Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusimamia haki na unyenyekevu wa kumpenda tunayepishana naye. Uwajalie faraja wote walioumizwa na siasa. Na ikiwa ni mapenzi yako, umtukuze mtumishi wako Julius. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.