Jimi Hendrix, askari wa miavuli na gitaa lake la umeme

Kijana wa Kasese au wa Bwera anayetaka kununua gitaa la umeme hana nafasi ya kubahatisha. Fedha alizonazo hutosha chombo kimoja tu. Chombo hicho ndicho kitakachopiga rumba ya Kikongo katika harusi ya Jumamosi na nyimbo za kanisani Jumapili, na ndicho atakachokitumia usiku, akiwa peke yake, kujifunza roki na bluzi. Maisha ya marehemu Jimi Hendrix, Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 1970, yatamfaa kijana huyo kuliko orodha ya bei za dukani. Yeye naye alihangaika miaka mingi kutafuta gitaa moja la kufanyia kazi zote, tena akiwa mfukoni hana kitu.

Alizaliwa katika mji wa Seattle tarehe 27 Novemba 1942, wakati baba yake alipokuwa katika utumishi wa jeshi. Akaitwa Johnny Allen. Mwaka 1946, baba alipokwisha rejea nyumbani, jina hilo lilibadilishwa na kuwa James Marshall. Nyumba ilikuwa ya kimaskini, wazazi wakaachana, na mama yake akafariki mwaka 1958. Kabla ya kupata gitaa mtoto huyo alikuwa akichezea ufagio kana kwamba una nyuzi. Chombo chake cha kwanza kilikuwa ukulele kuukuu wenye uzi mmoja, uliookotwa katika takataka. Kisha likaja gitaa kavu lililonunuliwa kwa dola 5, na mwaka 1959 baba yake akampatia gitaa la umeme aina ya Supro. Hilo liliibwa baada ya kuachwa usiku nyuma ya jukwaa. La pili lilikuwa Danelectro, gitaa la bei nafuu.

Tatizo lake lilikuwa moja zaidi: alikuwa mashoto. Magitaa ya mashoto yalikuwa adimu, na mnunuzi maskini huchukua kilichopo. Basi alichukua gitaa la mkono wa kulia, akaligeuza juu chini, akazivua nyuzi na kuzifunga upya ili uzi mnene ubaki juu. Kijana mashoto wa Bwera asikubali kuambiwa kwamba hawezi kupiga mpaka apate gitaa la pekee kutoka ng'ambo.

Mwaka 1961 polisi walimkamata mara mbili ndani ya magari ya wizi. Alipopewa nafasi ya kuchagua kati ya gereza na jeshi, alichagua jeshi, akaandikishwa tarehe 31 Mei. Baada ya mafunzo huko California alipelekwa Fort Campbell, katika jimbo la Kentucky, kwenye Divisheni ya 101 ya askari wa miavuli. Aliruka kutoka ndegeni kama wenzake, akaistahili beji ya divisheni ile. Hakuwa mwoga. Lakini sisi tulio katika utumishi hatuwezi kumsifu kwa nidhamu: wakubwa wake walilalamika kwamba alisinzia kazini na kwamba mawazo yake yote yalikuwa kwenye gitaa, lile Danelectro ambalo baba yake alimtumia kambini. Tarehe 29 Juni 1962 aliachishwa kwa heshima, kwa sababu ya kutofaa. Baadaye alipenda kueleza kwamba alivunjika kifundo cha mguu katika kuruka. Alichotoka nacho jeshini ni urafiki wa Billy Cox, askari mpiga gitaa la besi, ambaye alivutwa na mlio wa gitaa lake pale kambini.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa. Alipiga nyuma ya Isley Brothers na nyuma ya Little Richard, akivaa sare ya bendi na kuonywa asijionyeshe mbele ya bwana wake. Katika kipindi hicho alipita kwenye magitaa ya Fender aina ya Duo-Sonic na Jazzmaster. Mwaka 1966, mjini New York, akafika kwenye Stratocaster.

Hapa inafaa kutua, kwani ndipo penye faida kwa mnunuzi. Stratocaster ilitolewa na Leo Fender mwaka 1954. Ina sumaku tatu za kunasia mlio wa nyuzi, na swichi ya kuchagua ipi ifanye kazi. Sumaku iliyo karibu na shingo hutoa sauti nzito yenye upole, inayofaa bluzi. Ile iliyo karibu na mkono wa mpigaji hutoa sauti kali yenye kukata, ya roki, na kwa maoni yangu sauti hiyo safi ndiyo inayolifaa pia gitaa la rumba, ambalo lazima lisikike juu ya ngoma. Kiwiliwili chake kimekatwa pande zote mbili za shingo, kwa hiyo hata likigeuzwa vidole hufika kwenye noti za juu kabisa. Kuna pia mkono wa chuma wa kuzitikisa nyuzi. Aibu yake ni mvumo: sumaku za koili moja hunasa kelele za nyaya na taa, na anayepigia kwenye jenereta ataisikia.

Septemba 24, 1966 Chas Chandler alimpeleka London. Huko aliunda kundi la watu watatu pamoja na Noel Redding na Mitch Mitchell. Mashine zake za kukuza sauti zilikuwa za fundi Jim Marshall, ambaye kwa sadfa walishirikiana majina. Ukubwa wa sauti hizo ulimwezesha kuushikilia mlio mpaka ukawa wimbo.

Tarehe 18 Juni 1967, huko Monterey, aliichoma moto Stratocaster jukwaani. Ndugu msomaji, kitendo hicho hakinipendezi hata kidogo. Mkulima wa Bwera huhesabu msimu mzima wa kahawa kabla ya kupata bei ya gitaa. Walakini haikuwa ile aliyoitumia kwa sehemu kubwa ya onyesho. Aliibadili kabla ya kuwasha moto.

Tena, hakuwa mtumwa wa chombo kimoja. Kwa bluzi kama Red House mara nyingi alishika Gibson Flying V, ambayo sumaku zake zina koili mbili zinazofuta ule mvumo na kunenepesha sauti. Mwenye uwezo wa kununua mawili na afuate mfano huo. Mwenye uwezo wa moja, Stratocaster au gitaa la bei nafuu lililofuata muundo wake lingali bora.

Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, huko Woodstock, askari huyo wa zamani aliupiga wimbo wa taifa lake kwa Stratocaster nyeupe, huku vita vya Vietnam vikiendelea, na ndani ya wimbo akatia milio kama ya mabomu na ving'ora. Billy Cox alikuwa kando yake kwenye besi. Wako waliokasirika. Mimi nimefundishwa kusimama wima wimbo wa taifa unapopigwa, na nimeusikiliza ule nikiwa nimesimama.

Alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, baada ya kumeza vidonge vya usingizi kupita kiasi, akiwa na umri wa miaka 27. Alizikwa Renton, karibu na Seattle. Kwenye jiwe la kaburi lake ilichorwa Stratocaster, nayo ilichorwa kama inavyoshikwa na mtu wa mkono wa kulia.