Hans Meyer

Hans Meyer (Hildburghausen, Ujerumani, 22 Machi 1858 – Leipzig, Ujerumani, 5 Julai 1929) alikuwa mwanajiografia, mchapishaji vitabu na mpanda milima. Anajulikana hasa kwa sababu tarehe 6 Oktoba 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller kutoka Austria, alifika kilele cha Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Mlima Kilimanjaro. Hakuna habari iliyoandikwa ya mtu aliyefika hapo kabla yao.

Familia na majaribio ya kwanza

Meyer alizaliwa katika familia tajiri ya wachapishaji. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha kampuni iliyotoa kamusi elezo kubwa ya Kijerumani iliyobeba jina la familia. Baada ya masomo na safari ya kuzunguka dunia, Hans aliingia katika kampuni hiyo, na ni mali yake mwenyewe iliyogharimia safari zake za Afrika.

Mwaka 1887 alipanda Kibo hadi ukingo wa barafu akarudi, kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kupita juu ya barafu. Mwaka 1888 alijaribu tena akiwa na Oscar Baumann. Safari hiyo hata mlima hawakuufikia. Watu wa pwani walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, nao wawili walikamatwa, wakafungwa minyororo na kuwa mateka wa Abushiri bin Salim. Waliachwa huru baada ya fidia kulipwa.

Safari ya mwaka 1889

Safari ya tatu ilifaulu kwa sababu ya mpango wa chakula kuliko ushujaa. Wapandaji waliotangulia walishindwa mara nyingi kwa sababu akiba iliisha wakiwa juu, wakalazimika kushuka. Meyer aliweka kambi kwa ngazi: kambi kubwa Marangu, kwa ruhusa ya Mangi Marealle, kambi ya kati juu ya msitu, na kambi ya tatu penye mita 4,300 hivi, chini ya Kibo. Wapagazi walipanda kila baada ya siku chache wakileta chakula na kuni. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki katika kambi ya juu pamoja na wapandaji wawili, akivumilia baridi ileile bila kupata sifa ileile.

Purtscheller alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo mjini Salzburg na mmoja wa wapanda milima hodari wa wakati wake, aliyezoea kupanda Alpi na marafiki bila kuajiri kiongozi. Tarehe 3 Oktoba walichonga ngazi katika barafuto kwa shoka, hatua kwa hatua, wakafika ukingo wa kasoko. Waliona kwamba kilele kiko mbele zaidi, lakini nguvu zilikuwa zimekwisha na mchana ulikuwa unapita. Walirudi. Uamuzi huo uliwaokoa, kwani walipumzika, wakalala ndani ya pango karibu na barafu, na tarehe 6 walipanda tena kwa kutumia ngazi zilezile. Siku hiyo Purtscheller alitimiza miaka 40.

Meyer alisimika bendera na kukipa kilele jina la Kaisari Wilhelm II. Jiwe alilolichukua huko juu alimpelekea Kaisari, likawekwa katika jumba lake la Potsdam. Baadaye walijaribu Mawenzi pia, lakini kilele chake kikuu kiliwashinda. Kilipandwa mwaka 1912 na Eduard Oehler na Fritz Klute.

Swali la kiongozi

Huko Marangu, Yohani Kinyala Lauwo (alifariki 1996) anakumbukwa kama kiongozi wa Meyer, na aliheshimiwa hivyo katika sherehe za miaka mia mwaka 1989. Kitabu cha Meyer hakimtaji, kwa hiyo wanahistoria wengine wana shaka. Ikumbukwe lakini kwamba wasafiri wa siku zile hawakuona haja ya kuandika majina ya wapagazi wote.

Baada ya Kibo

Mwaka 1898 Meyer alirudi Kilimanjaro na kukuta barafuto zimepungua tangu 1889. Alipanda pia milima ya Ekuador mwaka 1903. Mwaka 1911 alisafiri hadi Rwanda na Burundi, na mwaka 1916 alitoa kitabu kuhusu Warundi, majirani wa Waha wa Kasulu na Kibondo ambao lugha yao iko karibu sana na Kirundi. Alikuwa mtetezi wa ukoloni, na kuanzia 1915 alifundisha jiografia ya makoloni katika Chuo Kikuu cha Leipzig.

Majina mlimani

Kilele alichokipa jina la Kaisari kinaitwa Uhuru tangu 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera ya Tanganyika na mwenge. Vibanda viwili vya njia ya Marangu, ambavyo Wajerumani walivipa majina ya Bismarck na Peters, sasa vinaitwa Mandara na Horombo, kwa heshima ya mamangi wa Wachagga. Jina la Meyer limebaki kwenye pango juu ya kibanda cha Kibo, wapandaji wanapopumzika usiku kabla ya kufika ukingo wa kasoko, na pia kwenye kilele cha juu cha Mawenzi, ambacho yeye mwenyewe hakukifikia.