Sayyida Salme: Kutoka Jua la Unguja hadi Baridi ya Hamburg

UFAHAMU

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yote.

Mtahiniwa, ukifika Forodhani, Unguja, ukaipa bahari mgongo, utaona majumba ya kale ya masultani. Katika mojawapo, Jumba la Makumbusho, kilitengwa chumba cha kumkumbuka binti wa ukoo huo, Sayyida Salme. Maisha yake yanafundisha historia. Yanafundisha pia jinsi mwili unavyolihitaji jua na jinsi unavyodhurika nalo.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia. Utotoni alicheza uani na kujifunza kupanda farasi. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma tu, lakini yeye alijifundisha kuandika kwa siri. Alipokua, alivaa barakoa na kutoka nje usiku, kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wa daraja lake. Mwaka 1859 kalamu ilimponza: aliwaandikia barua wafuasi wa kaka yake Barghash, waliotaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Njama ikashindwa, na undugu ukaingia doa.

Baadaye alipendana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Penzi hilo lilimweka hatarini, hivyo mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa mwaka 1867, kisha wakahamia Hamburg. Walijaliwa watoto watatu huko. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafariki, naye akabaki mjane wa miaka 25 katika nchi ya ugeni.

Sasa tazama ramani. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Hamburg iko nyuzi 53 kaskazini. Unguja jua la adhuhuri huwa juu mwaka mzima. Hamburg, kuanzia Oktoba hadi Machi, jua hupita chini, na mionzi ya urujuanimno inayofika ardhini huwa hafifu. Mionzi hiyo, isiyoonekana kwa macho, ndiyo inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza kalsiamu ya kujenga mifupa. Mtoto akiikosa hupata matege. Mtu mzima mifupa yake hulainika. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi inayochuja mionzi, kwa hiyo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe.

Wakati ule miji ya viwanda ya Ulaya ilijaa moshi, na matege yalikuwa ugonjwa wa kawaida. Mama aliyelea watoto huko hakuwa na wa kumweleza sababu. Mwaka 1919 ndipo daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alipowatibu watoto wenye matege kwa taa yenye mionzi hiyo. Jina la vitamini D likatolewa mwaka 1922.

Salme alirudi Unguja mwaka 1885 na 1888, lakini hakupatanishwa na ndugu zake. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake. Alifariki mjini Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja.

Wewe uko katika nchi aliyoiacha Salme, ambako jua ni tele. Unachohitaji ni kipimo. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni tafuta kivuli, vaa kofia pana au jifunike kwa kanga. Mwendo wa kawaida wa kwenda shule na kurudi, uso na mikono ikiwa wazi, huwatosha wengi. Ukijisitiri mwili mzima au ukishinda ndani, zidisha samaki wenye mafuta kama vibua, pamoja na dagaa na kiini cha yai. Mwenzako mwenye ualbino asishauriwe kuota jua hata kidogo: melanini yake ni haba, saratani ya ngozi humnyemelea, na vitamini hiyo aipate katika chakula. Jua ni moja, lakini kipimo cha mmoja si kipimo cha mwingine.

MASWALI

1. (a) Kwa nini mwandishi anasema kalamu ilimponza Salme?
(b) Taja tofauti mbili za jua la Unguja na la Hamburg.
(c) Kwa nini mtu mweusi aishiye Hamburg yumo katika hatari zaidi ya kukosa vitamini D?
(d) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (i) manowari (ii) matege (iii) humnyemelea.
(e) Mchanga aliozikwa nao Salme unakuonyesha nini kuhusu hisia zake?

2. Fupisha aya ya mwisho ya kifungu kwa maneno yasiyozidi 40.