Maisha ya Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu zetu wa pwani! Sisi wa Simbo na Ujiji dini ilitufikia kutoka kwenu. Katika karne ya 19 misafara iliyoondoka Bagamoyo, ikapita Tabora hata ikafika Ziwa Tanganyika, ilikuwa na Waarabu wa Omani, wengi wao wa madhehebu ya Kiibadhi, pamoja na waungwana wa pwani wa madhehebu ya Kishafii. Mmoja husali amefunga mikono, mwingine ameiachilia, na wote ni Waislamu. Mwenye kuona hayo moyo wake huuliza haki i wapi. Je, kuuliza huko ni upungufu wa imani?

Na tutazame maisha ya Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi al-Mazrui. Alizaliwa mwaka 1825 katika ukoo uliotawala Mombasa hata mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipouondoa. Wakubwa wao walikamatwa wakahamishwa, na wengine wakakimbilia Gazi na Takaungu. Ukoo huo ulikuwa wa Kiibadhi, na kwa jamaa iliyokwisha kunyang'anywa mji, njia ya wazee ni katika vitu vichache vilivyobaki mkononi.

Sheikh Ali alikwenda Makka akatafuta ilimu kwa wanavyuoni, na mwisho wa kutafuta kwake akaifuata madhehebu ya Imamu Shafii. Wala hakuna awezaye kusema kuwa alitaka dunia, kwani dunia ilikuwa upande aliouacha: masultani wa Zanzibar walikuwa Maibadhi. Aliporejea Mombasa alisomesha watu, akawa kadhi, wala hakuificha itikadi yake.

Jambo hilo lilimchukiza Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870, akamfunga. Sheikh hakuwa na jeshi wala hakuwa na mtetezi mwenye nguvu kuliko Sultani. Kisha Sayyid Barghash akafariki mwezi wa Machi 1888, na Sayyid Khalifa aliyemfuata akamfungulia. Mlango ambao mfungwa hakuweza kuusukuma, Mola aliufungua kwa sababu azijuazo Yeye.

Wala hatuandiki haya kuwatukana ndugu zetu Maibadhi. Sayyid Barghash naye aliipenda dini yake, na ni yeye aliyeleta Zanzibar mtambo wa kupiga chapa vitabu vyake. Tunaandika ili ijulikane kuwa mtafuta haki huenda akalipa thamani yake.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894. Alimwacha mwanawe, al-Amin, aliyezaliwa mwaka 1891, akalelewa na Sheikh Suleiman bin Ali al-Mazrui. Mtoto huyo ndiye aliyetoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, hata alipofariki mwaka 1947. Baba alipokuwa kifungoni, mtoto huyu alikuwa hajazaliwa. Tunda la subira yake hakuliona kwa macho.

Basi, ndugu yangu, usidhani kuwa mwenye kuuliza hamtegemei Mungu. Katika rakaa 17 za faradhi za killa siku, Mshafii na Muibadhi wote wawili humwomba Mola awaongoze njia iliyonyoka, na aombaye kuongozwa amekwisha kukiri kuwa hajui. Linalochukiza ni kuuliza kwa ubishi, au kuuliza wajinga ukawaacha wenye ilimu. Muulize Mola wako katika sijida, kisha waulize wanavyuoni. Ikikubainikia haki, ishike kwa adabu bila ya kumdharau aliyekulea, na yatakayokupata mwachie Yeye.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Ali, naye atuongoze sote. Amin.