Semboja wa Mazinde: Ujasiri na Gharama Yake

Katika nyakati za mashaka kila mwenye nyumba hulazimika kukata shauri. Auze shamba au alishike? Ahame au abaki? Aanze biashara mpya, au aendelee na ile aliyoachiwa na wazee? Watu huwasifu wenye moyo wa ushujaa katika mambo hayo, na sifa hiyo ina haki yake, kwani mwoga huachwa nyuma. Hata hivyo ushujaa peke yake hautoshi. Twaweza kujifunza jambo hilo katika maisha ya Semboja, mtawala wa Mazinde, mtu ambaye wazee wa Upare walikuwa na sababu ya kulikumbuka jina lake.

Msafiri atokaye Same kwenda Tanga hupita Makanya na Hedaru, milima ya Upare ikiwa kushotoni kwake. Akivuka Mkomazi huiona milima ya Usambara, na chini ya milima hiyo, kabla ya kufika Mombo, hukuta Mazinde. Mahali hapo ndipo Semboja alipojijengea enzi yake.

Semboja alikuwa mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa wa ukoo wa Wakilindi, aliyetawala kutoka Vuga, mji wa mlimani, hata nchi za karibu na pwani. Enzi hiyo ilisimama juu ya mambo ya kale: heshima ya mvua, ushuru wa mifugo na mazao, na utii wa wana wa mfalme waliowekwa kutawala wilaya. Mtu mwenye cheo alikaa mlimani. Bondeni kulikuwa na joto, homa, na hofu ya Wamasai.

Mwaka 1862 Kimweri alifariki, na kiti chake akakirithi mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini nchi ilikuwa imekwisha kugeuka. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Pangani ilipita bondeni kwenda Kilimanjaro na Umasai kutafuta pembe za ndovu, ikichukua nguo, baruti na bunduki. Nduguze Semboja waliitazama misafara hiyo wakiwa juu. Yeye aliona kwamba nguvu zimehama kutoka mlimani na kushuka njiani. Akajiimarisha Mazinde, kando ya njia yenyewe, akawapokea wafanyabiashara, akajipatia silaha, akakusanya watu wa makabila mengi wa kumfuata.

Uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri, na kwa hesabu ya dunia ulikuwa sahihi. Haukupita muda Semboja akawa na bunduki kuliko mfalme wake. Kabla miaka ya 1860 haijakwisha alimshambulia Shekulwavu, akamfukuza Vuga, na kijana yule akafa ukimbizini. Hapo Semboja angeweza kukikalia kiti cha baba yake. Badala yake alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, naye mwenyewe akarudi Mazinde. Kwake yeye njia ya biashara ilikuwa na thamani kuliko kiti cha ufalme.

Lakini bunduki hununuliwa kwa kitu. Pembe hazikutosha, na mashamba ya miwa ya Pangani yalihitaji watumwa. Basi binadamu wakawa bidhaa. Watawala walianza kuwauza hata watu wao wenyewe, na kosa ambalo zamani lililipwa kwa mbuzi likaweza kumgharimu mtu jamaa zake. Wabondei waliasi, wakawafukuza Wakilindi waliowatawala. Upare nako madhara yalifika. Watu wa Semboja walipanda hata milima ya kusini, na baadhi ya watawala wadogo wa huko, kwa tamaa ya silaha, wakashirikiana na wafanyabiashara. Mapatano ya mwaka 1873 baina ya Sultani Barghash na Waingereza yaliyopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini hayakuikomesha biashara hiyo bara.

Pengine msomaji atasema kwamba ndivyo zama zile zilivyokuwa, na kwamba mtu hana budi kwenda na wakati wake. Na autazame Upare wa zama zizo hizo. Huko Ugweno wahunzi wa ukoo wa Washana waliyeyusha chuma, wakafua majembe yaliyouzwa hata kwa Wachaga. Katika milima ya kusini watu walichimba mifereji na kujenga ndiva, yaani mabwawa ya kukusanya maji usiku ili mashamba yanyweshwe mchana. Kumwaga jasho la jamaa nzima juu ya bwawa, wakati vita vinazunguka bondeni, huo nao ulikuwa ujasiri. Baadhi ya ndiva hizo hutumika hata leo.

Enzi ya Mazinde haikudumu hivyo. Mwaka 1888 Wajerumani walipotaka kuishika pwani, Abushiri bin Salim aliongoza vita dhidi yao, na Semboja akaonyesha kuwa upande wake. Abushiri aliponyongwa Pangani, Desemba 1889, Semboja alipima tena upepo, akapatana na Wajerumani. Alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga Mputa, mtu wa nyumba yake aliyetawala Vuga, na kiti wakampa Kinyashi, mwana wa yule Shekulwavu aliyefukuzwa. Hivyo nyumba iliyonyang'anywa ilirudishiwa, na nyumba iliyonyang'anya ikabaki bila kiti.

Wala Semboja hakukosea kuhusu mahali. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na mwaka 1911 ilifika Moshi, ikipita Mazinde na Same. Bonde alilolichagua likawa kweli njia kuu ya nchi. Macho yake yaliona mbali katika biashara, ila hayakumwona mtu aliyefungwa kamba mbele yake.

Basi, baba na mama wa nyumba, siku za mashaka zijapo msiogope kukata shauri. Tazameni kama Semboja wapi dunia inaelekea, na kama yapasa kushuka mlimani, shukeni. Lakini kabla ya kushuka ulizeni swali moja ambalo yeye hakuliuliza: faida hii italipwa na nani? Ikiwa mlipaji ni mtoto aliyeachishwa shule, ni kibarua asiyepewa ujira wake, au ni jirani aliyedanganywa mpaka wa shamba, shauri hilo liacheni, hata likiwa na faida kubwa namna gani. Ikiwa mlipaji ni jasho lenu wenyewe, endeleeni bila hofu.