Coulomb: mbele ya umeme, alipima mbao

Wanafunzi wa humanite wanamujua Charles-Augustin Coulomb juu ya umeme. Lakini mbele ya umeme, huyu Mufaransa alisumbuka sana na mbao.

Alizaliwa Angoulême mwaka 1736, miaka 9 nyuma ya kifo cha Newton. Akakuwa enjeniere wa jeshi. Mwaka 1764 alitumwa Martinique, kisiwa cha Karibi, ajenge ngome. Alikaa kule karibu miaka 8, akarudi na mwili ulioharibiwa na magonjwa, na hakupona tena muzuri.

Mwaka 1779 tunamukuta Rochefort, bandari ya meli za vita. Akademi ya Sayansi ya Paris ilikuwa imeweka zawadi kwa mutu atakayeeleza musuguano wa mashine. Haikuwa mambo ya vitabu tu. Meli ya mbao inajengwa inchi kavu, kisha inateremushwa majini, na ikikwama njiani ni hasara kubwa.

Coulomb akalaza ubao, akaweka kigogo juu yake, akapakiza uzito, akakivuta kwa kamba. Hapa njo sheria za Newton zinaingia. Kigogo kikitulia wakati unakivuta, maana yake ubao unakizuia kwa nguvu sawa na ile ya kamba. Ukiongeza, nao unaongeza, mpaka unafika mwisho wake. Hapo kigogo kinaachilia. Na vile ubao unakivuta kigogo nyuma, kigogo nacho kinasukuma ubao mbele kwa nguvu ileile. Kila aliyesukuma kabati nzito anajua: kuianzisha njo kazi, ikishatembea inakuwa nyepesi kidogo.

Aliona kwamba uzito ukiwa mara mbili, musuguano nao unakuwa karibu mara mbili, hata kama sehemu zinazogusana ni pana ao nyembamba. Guillaume Amontons alishasema hivyo mwaka 1699, lakini wengi walikuwa na mashaka. Coulomb akaongeza yake: mbao zikilala pamoja muda murefu, zinashikana zaidi.

Mwaka 1781 akapewa zawadi, akaingia Akademi.

Kisha akatumwa Bretagne kuchunguza muradi wa mifereji ya mashua. Akasema waziwazi kwamba gharama inapita faida. Jambo hilo lilimuletea wiki moja ya gereza. Kwangu mimi, hapo njo ninamuona mutu mwenyewe.

Kazi yake ya umeme ilianza kutoka mwaka 1785. Mapinduzi yalipotokea alikimbilia karibu na Blois pamoja na rafiki yake Borda. Alikufa Paris mwaka 1806.